Beseni Lenye Magurudumu Manane

Chombo kilichotumiwa na watu wengine ni kama mgeni mwenye mzigo uliofungwa. Usimpokee kwa kumtazama uso tu, mfungulie mzigo kwanza. Hivyo ndivyo Bi Tahadhari alivyowafundisha watoto wake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na majirani, kwa sababu hakuweza kumwona mtu akipanda ngazi asiende kuishika kwa chini, hata kama mtu mwenyewe hamjui.

Kazi yake ilikuwa kushona mabeseni. Beseni likipasuka, ndoo ikitoboka, dumu likichanika shingo, vyote vilifika kwake. Alikuwa na chuma chembamba anachokipasha moto kwenye jiko la mkaa, na gunia la vipande vya plastiki vya kila rangi. Aliyeyusha kipande juu ya ufa, akakandamiza, akalainisha kwa ubapa wa kisu. Shule aliishia darasa la saba, lakini kwenye plastiki alikuwa mwalimu wa walimu. Kwa kunusa moshi tu alijua kama kiraka na beseni vitashikana au vitaachana kabla ya wiki kwisha.

Siku binti yake, fundi wa pampu za maji, alipoleta lile dude juu ya tela la trekta, Bi Tahadhari alisimama mlangoni na chuma cha moto mkononi, akasahau kukirudisha jikoni mpaka kikapoa.

Halikuwa gari, halikuwa mashua. Lilikuwa na magurudumu manane, manne kila upande, mafupi, yamevimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Mwili wote ulikuwa plastiki nzito ya kijani, kipande kimoja tangu pua hadi mkia, kingo zimekunjwa kwa nje. Usukani hakuna. Palikuwa na vishikio viwili vya chuma tu, vimesimama mbele ya kiti kama masikio ya sungura.

"Mwanangu," alisema, "hili ni beseni."

"Ni gari, mama. La nchi kavu na la majini."

"Mimi nakwambia ni beseni. Magurudumu wamelitia baadaye."

Fundi alicheka, lakini hakubisha. Alilipata kwa wapima ardhi waliomaliza kazi yao na kufunga ofisi, na lilikuwa limelala bandani miaka minne. Kwa nini alilitaka, hakuna aliyehitaji kuuliza. Kati ya makazi yao na hospitali palikuwa na bonde, na bonde hilo kila masika lilijaa maji kwa miezi mitatu. Gari likiingia linazama. Mtumbwi ukiingia unakwama kwenye matope na majani. Mwanamke mjamzito mwenye ndugu ng'ambo alihamia huko mwezi mzima kabla ya siku zake. Asiye na ndugu alibaki akiomba Mungu. Dada yake Bi Tahadhari alikuwa mmoja wa waliobaki, mwaka juzi, akafa na uchungu wake, na tangu hapo nyumbani kwao bonde halikutajwa kwa sauti.

Sasa mkaza mwana wake alikuwa na mimba ya miezi sita. Hesabu zake ziliangukia katikati ya mvua, na ng'ambo hakuwa na ndugu hata mmoja.

Mkunga wa hospitali alikuwa ameshasema neno lake. Kama kuna chombo, atavuka kuja kuwaona wajawazito kila wiki, masika yote. Lakini atakipanda kwanza yeye mwenyewe, kwenda na kurudi, na akishuka na mashaka wasimwombe tena. Siku aliyotaja ilikuwa wiki tatu mbele.

"Na mimi nitakuwemo," alisema Bi Tahadhari.

"Mama, hujui kuogelea."

"Ndiyo maana. Anayejua kuogelea hatakagua vizuri."

Wakaanza ukaguzi. Fundi alifungua vifuniko akamwonyesha mama yake tumbo la chombo. Pale palikuwa na injini. Kutoka kwenye injini mkanda mpana wa raba ulizunguka puli mbili, vigurudumu vya chuma visivyo na tairi, na mkanda huo ndio uliopeleka nguvu kwenye minyororo. Minyororo ndiyo iliyozungusha magurudumu. Majini hakuna pangaboi wala kasia, ni matairi yenyewe yanayopiga maji kwa meno yake, kama bata. Ukivuta kishikio cha kulia, magurudumu ya kulia yanashikwa breki na chombo kinageukia kulia.

Bi Tahadhari alisikiliza mdomo wazi. Alikuwa ametengeneza mabeseni maisha yake yote na hakuna hata moja lililowahi kutaka kwenda mahali.

"Aliyelifikiria hili," alinong'ona, "alilala saa ngapi?"

Fundi aliingia chini na tochi akatafuta nyufa. Alipita mara tatu. Akatoka amejaa vumbi akasema plastiki ni nzima. Sasa walivute hadi kwenye bwawa la wafyatua matofali wakaone kama litavuja.

"Wewe," alisema mama yake. "Nani kakufundisha kupima beseni kwa kuliweka majini? Ukiliweka majini, maji yanaingia, utajuaje yamepitia wapi? Maji yatiwe ndani. Yatakuonyesha yenyewe yanapotokea."

Fundi akaiweka tochi chini. Ni jambo la ajabu mtu kukaa na mama yake miaka ishirini na saba na bado akutane naye upya.

Walilinyanyua juu ya matofali. Wakavikaza vizibo viwili vya sakafuni, vile vya kumwagia maji, kisha wakabeba ndoo, ndoo juu ya ndoo, mpaka maji yakapita mahali vyuma vya magurudumu vinapotokeza nje. Bi Tahadhari akachukua jivu kavu, akalichekecha kwa kipande cha chandarua, akajipenyeza chini na kulipaka tumbo lote la kijani likawa jeupe. Kisha akaketi kwenye kigoda akatulia.

"Sasa tunangoja nini?" aliuliza Fundi.

"Tunangoja lijiseme."

Baada ya robo saa lilianza kujisema. Kwenye magurudumu mawili ya upande wa kushoto jivu likapiga weusi wa duara. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umechoka. Hayo Fundi aliyatarajia. Lakini nyuma ya gurudumu la mwisho, mahali tochi ilipopita mara tatu, mstari mweusi ulichomoza polepole, mwembamba kama unywele, mrefu kama kidole cha mkono. Hakuna aliyeuchora. Ulijiandika wenyewe kwenye jivu, na wote wawili walipiga magoti chini ya chombo wakauangalia kama watu wanaosoma barua.

"Ungefika katikati ya bonde ndipo ufa ufunguke," alisema mama.

Fundi alishika tu mkono wa mama yake, ule wenye jivu.

Plastiki hushikana na ndugu yake tu. Kwa hiyo Bi Tahadhari hakugusa gunia la vipande. Alikwangua ukingo wa nyuma wa chombo chenyewe, mahali pasipo na kazi, akapata nyuzi za kijani, akachoma mmoja na kunusa. Akatikisa kichwa kukubali. Akashona ufa ule kwa nje, kisha kwa ndani, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Fundi akabadili mipira miwili iliyochoka, na siku ya pili wakakijaza chombo maji tena. Jivu likabaki jeupe.

Ikafuata kazi ya grisi. Fundi alimpa mama yake bomba la kusukumia, akamwonyesha vitundu vyake, kimoja kwa kila beringi. Ukisukuma, grisi ya zamani inatoka nyeusi, halafu ya kahawia, halafu mpya. Ukiona mpya, acha.

"Kwa nini inataka nyingi hivi?"

"Kila kinachozunguka kinataka mafuta, mama," alisema Fundi huku ameinamia nati, bila hata kugeuka. Kisha akapaka minyororo mafuta mazito akaendelea na kazi yake.

Maneno hayo mama aliyaweka moyoni kama anavyoweka kila kitu. Kwa siku nne alisukuma grisi, akifuta, akirudia. Binti yake alimtania kwamba chombo kitateleza mpaka nchi ya jirani.

Asubuhi ya siku ya kuvuka, jua lilikuwa limeshapanda na bonde limeshajaa, maji yamelala kama bati lililotandazwa. Fundi alikwenda barabarani kumpokea Mkunga aliyeletwa na gari la hospitali kwa njia ndefu ya mlimani, ile ya mawe ambayo mjamzito haiwezi. Mama akabaki peke yake na chombo. Kifuniko cha mkanda kilikuwa wazi. Fundi alikuwa ameukagua mkanda jana akaridhika nao.

Bi Tahadhari akachungulia. Mkanda ulikuwa mkavu, mweusi usiong'aa, umekunjamana kama midomo ya mtu mwenye homa. Nao unazunguka. Akakumbuka yale maneno.

Hapa ndipo pa kusikiliza, enyi wenye watoto. Mkono wa mama ukiwa na mapenzi na hauna habari, ni mkono wa kuogopwa. Alichota grisi kwa vidole viwili, akaupaka mkanda ndani na nje, akazungusha puli kwa mkono ili asisahau sehemu, kama alivyokuwa akimpaka binti yake mafuta kabla ya shule, mpaka nyuma ya masikio. Akafunga kifuniko akanawa mikono. Hakumwambia mtu. Alichoka kuchekwa, na alitaka kitu kimoja katika safari ile kiwe zawadi yake ya kimya.

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watu wenye uchungu. Alizunguka chombo mara mbili, mkoba wake ameubana kwapani.

"Shikamoo, mama. Na wewe unakwenda?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda."

"Na hayo madumu?"

Maboya yalikuwa mawili tu, moja la Fundi na moja la mgeni. Bi Tahadhari alijifunga dumu tupu la lita tano kila kwapa. Mapajani alikuwa ameshika beseni.

"La kukombea maji yakiingia," alisema.

"Hayaingii, mama," alisema Fundi.

"Basi litakaa tupu. Beseni tupu halimdai mtu chakula."

Kabla ya kuketi alitoa kopo la jivu, akanyunyiza kidogo sakafuni, juu ya ule mshono wake. Mkunga aliangalia asiulize. Injini ikawaka. Chombo kikateremka kwenye majani, kikaingia kwenye tope, magurudumu yakaanza kurusha matope. Bi Tahadhari akafumba macho.

Alisikia mtikisiko, tena mtikisiko, halafu hakusikia tena. Akadhani wamesimama. Akafumbua.

Ardhi ilikuwa imewaachia. Chini yake, kwenye maji maangavu, majani ya bonde yalikuwa yamesimama wima kama yalivyoota, yanayumba, na vijisamaki vilipita katikati yake kama watoto wanaokatisha shamba. Kivuli cha chombo kilipita juu yao. Wanawake watatu, injini, vyuma vyote vile, na vyote vimebebwa na plastiki isiyozidi unene wa kidole. Hakuna kilichokuwa kikitikisika. Magurudumu yalipiga maji taratibu, chap, chap, chap, na ukingo ukajongea mbali bila kelele, kama mtu anayeondoka chumba chenye mgonjwa.

Dada yake alikuwa amesimama kwenye ukingo ule siku tatu akiyatazama maji haya haya. Bi Tahadhari alipeleka kiganja chake akayagusa. Yalikuwa ya baridi, na yalikuwa maji tu.

"Mama, unalia?"

"Endesha."

Walikuwa wamepita nusu ya njia pale injini ilipobadili sauti. Ilinguruma juu zaidi, lakini magurudumu yakapunguza. Fundi akaipa injini nguvu zaidi. Injini ikapiga kelele, magurudumu yakasimama kabisa. Harufu ya raba iliyoungua ikajaa. Fundi akazima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko bonde. Halafu wakagundua kwamba wanasogea. Maji yalionekana yamelala, kumbe yanakwenda taratibu kuelekea makalvati, yale mabomba ya chini ya barabara ya zamani, mahali yanapobanwa na kuvutwa chini. Mngurumo wake ulisikika kwa mbali.

Fundi akafungua kifuniko. Mkanda uling'aa kama samaki aliyevuliwa sasa hivi.

"Mafuta," alisema. Uso ulimpauka. "Injini imevuja. Mpira wa kuzuia mafuta umekufa na mimi sikuuona. Nilikagua kila kitu nikauacha huo." Alishaanza kutafuta spana. "Lazima niifungue."

"Hapa?" Mkunga aliuliza.

"Hapa. Hakuna njia."

Bi Tahadhari aliiona ile spana ikishika nati ya kwanza. Angenyamaza, lawama ingemwendea injini, au wapima ardhi, au huyu mtoto mwenyewe aliyekwisha kujilaumu. Angenyamaza, na binti yake angefungua injini nzima inayoelea, akitafuta uvujaji usiokuwepo, na makalvati yanakuja.

"Usifungue," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliupaka grisi. Asubuhi. Niliona umekauka."

Fundi alimtazama. Mkunga naye.

"Mama," alisema Fundi taratibu sana, "mkanda unashika kwa sababu ni mkavu. Grisi ikipata joto, unateleza tu."

"Ulisema kila kinachozunguka."

Fundi akakumbuka. Akaketi chini, spana mapajani, na kwa muda haikujulikana kama atacheka au atalia.

"Mkigombana gombaneni kwa zamu," alisema Mkunga. Alikuwa ameshafungua mkoba. "Mafuta mimi ninayo dawa yake. Spiriti chupa nzima, na pamba. Nasafishia sindano, sembuse raba."

"Inashika moto hiyo," alisema Fundi, ameshasimama. "Puli zimechemka. Lazima zipoe kwanza."

"Kwa muda gani?"

Fundi aliangalia upande wa makalvati.

Bi Tahadhari alivua pete, akaifunga pindoni mwa kanga, akainama ukingoni na beseni lake akaanza kupiga maji. Mkunga alichukua kifuniko cha mkanda akapiga upande wa pili. Halikuwa kasia zuri, lakini maji hayaulizi jina la chombo. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma, madumu yakigongana kwapani mwa Bi Tahadhari, kwenda kwenye kichaka cha matete kilichosimama katikati ya maji. Alipoyafikia aliyakumbatia kwa mikono miwili. Yakamkata viganja. Hakuyaachia.

Hapo wakatulia, wamening'inia kwenye matete, wakingoja chuma kipoe. Mkunga, ambaye macho yake hayakuacha kazi, aliinama akaangalia sakafu.

"Mama, lile jivu ulilomwaga ni la nini?"

"Likilowa linakuwa jeusi."

Mkunga aliligusa kwa kidole, akalipuliza. Liliruka jepesi kama unga. Watu watatu, nusu saa katikati ya bonde, wamepiga maji, wamekuwa wakiegemea upande huu na ule, na mshono haukutoa hata jasho. Hata Bi Tahadhari aliduwaa. Alikuwa ameuamini mshono ule kwenye matofali. Kuuamini juu ya maji yaliyomchukulia dada yake lilikuwa jambo jingine.

Puli zilipopoa, Fundi aliufuta mkanda kwa pamba na spiriti, akatupa pamba nyeusi, akachukua nyingine, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Akafuta puli. Mwisho mama yake akavua kitambaa chake cha kichwa, akampa akaushie. Wakaacha hewa ipite hadi harufu ya spiriti ikaisha kabisa.

"Naomba mkanda huu asiupake mtu mwingine," alisema Fundi, akawasha.

Mkanda ulilia kidogo, ukateleza, ukashika. Magurudumu yakageuka. Chap. Chap. Bi Tahadhari akayaachia matete, na bonde likaanza kupita tena.

Ng'ambo, Mkunga alishuka wa kwanza. Alisimama ukingoni, viatu vimejaa tope, akakiangalia chombo kwa muda mrefu. Mama na binti walisubiri.

"Injini yenu itakufa siku moja," alisema. "Injini zote zinakufa. Nilichotaka kujua mimi ni kitakachotokea ikifa nikiwa humo. Nimeshakiona." Akapanda tena, akaketi. "Nirudisheni. Ijumaa ijayo nianze na huyo mkaza mwana. Spiriti ikae humu humu. Na grisi ifungiwe kabatini, huyu mama asiifikie."

Jioni ile Bi Tahadhari alipasha chuma chake moto. Viganja vilikuwa vimefungwa bandeji za hospitali, kwa hiyo alikishika kwa vidole vitatu. Aliinama juu ya kifuniko cha mkanda akaandika kwa kuchoma, herufi moja moja, zikipanda na kushuka: HAPA PAKAVU. USIPAKE.

Fundi alikuja akasimama nyuma yake akasoma.

"Yale maneno niliyasema mimi, mama. Kila kinachozunguka. Sikugeuka hata kukutazama."

"Najua."

"Basi andika na kosa langu."

Bi Tahadhari alifikiri. Moshi wa plastiki ulipanda kati yao, ule alioujua kwa kunusa. Akarudisha chuma jikoni kipate moto tena, kisha chini ya maneno yake akaongeza mengine mawili, la kwanza lake na la pili la binti yake, kwa herufi kubwa kuliko za kwanza: ULIZA. SIKILIZA.